Maisha ya Daktari Subiri, Aliyekosa wa Kumpokea Zamu

Ndugu, majirani na wote mliofika, familia inawaomba mkae, mliosimama juani msogee chini ya turubai, wenye simu mzizime, na huyu anayewasomea, ambaye ni mkwe wa marehemu, mume wa binti yake, mwalimu mwenye sauti ya kutosha, ameagizwa na mjane asome yote kama yalivyoandikwa, asiruke, asilainishe wala asiongeze maneno ya shuleni, kwa sababu huyu tunayemzika leo Jumamosi tarehe 10 Februari 2024 alikuwa mtu wa kumwambia mgonjwa ukweli hata kama mgonjwa hautaki, basi na wake usemwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Septemba 1951, mtoto wa sita kati ya wanane, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha treni, baba yake akiwa mshika bendera wa kituo hicho na mama yake akishona foronya za kuuza, na mama huyo hadi anafariki alikuwa akisimulia kwamba uchungu wa mtoto huyu ulichukua siku mbili na nusu, mpaka mkunga akachoka, akavuta kigoda akakaa, akasema, "Huyu anachelewa kama vile anajua kinachomsubiri."

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akisomea kwenye benchi la abiria hapo kituoni, ndiyo maana mpaka uzeeni aliweza kusoma kitabu kinene katikati ya kelele za watu mia na asipoteze mstari, akaenda sekondari ya bweni mwaka 1967 hadi 1972, akaingia chuo kikuu kusomea udaktari mwaka 1973, akamaliza Juni 1978, baada ya kurudia mtihani wa mifupa mwaka wa pili, na wapo wanafamilia waliotaka habari hii ya kurudia isisomwe, lakini ilitokea, na mifupa yenu aliyoiunga baadaye imeungika vizuri, hakuna aliyerudi kulalamika.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa kwenye hospitali ya serikali ya mjini, wodi ya watoto, na huko ndiko alikokutana na mkewe, ambaye hakuwa muuguzi kama wengi wenu mnavyosimulia, alikuwa mfagiaji, ameishia darasa la nne kwa sababu kwao walihitaji mikono kuliko herufi, na asubuhi ya tarehe 5 Februari 1979 alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kupiga deki korido nzima, pale kijana mmoja mrefu mwenye koti jeupe alipopita katikati na viatu vya matope, anasoma karatasi.

"We daktari," yule mfagiaji akamwita, "hayo macho umepewa ya kusomea tu? Sakafu huioni?"

Marehemu akatazama chini, akatazama nyuma alikotoka, akavua viatu pale pale, akasimama na soksi zilizotoboka vidoleni, akasema, "Subiri kidogo, nipe hilo tambara," akapiga deki vibaya mno, ikabidi korido irudiwe yote, na kuanzia siku hiyo akamwita yule msichana Mama Sakafu, jina alilomwita miaka arobaini na mitano, mbele ya wageni na mbele ya watoto, na hilo neno lake la subiri kidogo ndilo baadaye na ninyi mlilomgeuzia likawa jina, mkamwita Daktari Subiri, naye hakukasirika.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 15 Desemba 1979, bila picha hata moja kwa kuwa mpiga picha hakutokea, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti, aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1981, ambaye naye leo ni daktari wa watoto huko mjini, wa pili wa kiume, aliyezaliwa tarehe 8 Machi 1984 akaishi siku tisa, na hapo familia haina la kuongeza, wa tatu wa kiume pia, aliyezaliwa tarehe 30 Oktoba 1987, fundi wa majokofu, ambaye ndiye aliyekuwa akija kulifufua friji la chanjo kila lilipokata roho, na wajukuu wapo watano.

Jinsi alivyofika huku ni hivi, tarehe 11 Agosti 1986 alitumwa na gari la chanjo, siku moja tu, kwenda na kurudi, akakuta kituo cha afya cha serikali kina paa, kina kibao kilichopakwa rangi, na ndani mna mbuzi watatu wa mwenyekiti, akauliza daktari yuko wapi, akaambiwa hajawahi kuwepo, akarudi mjini akaomba ahamishiwe hapo, ofisini wakafungua faili wakamwambia kwamba kituo hicho tayari kina daktari, jina lake limeandikwa na yuko kazini, wakamshauri asijisumbue.

Aliandika barua ya kuacha kazi, akakodi ghala la mahindi lenye vyumba viwili, lile lile mnalolijua, akapaka chokaa kwa mkono wake, na alipomweleza mkewe habari hizo mkewe alikuwa anakaanga vitunguu, akaepua sufuria kwanza ndipo akamjibu.

"Daktari, una akili timamu kweli? Watu wanakimbilia mjini, wewe unanipeleka ghalani?"

"Mwaka mmoja tu, Mama Sakafu, mpaka wapeleke mtu."

Kliniki ilifunguliwa Jumatatu tarehe 2 Machi 1987, na huo mwaka mmoja umeisha juzi Jumanne, baada ya miaka thelathini na saba kasoro wiki chache.

Katika miaka hiyo yote marehemu alitafuta kitu kimoja, hakutafuta gari wala ghorofa, alitafuta daktari wa pili, mtu wa kumpokea zamu, ili siku akiumwa aumwe kama watu wengine wanavyoumwa, akiwa amelala, na ninyi mnaosikia haya mkumbuke kwamba kwa ofisi ya wilaya yeye alikuwa mfanyabiashara, chanjo zikipungua wa kwanza kukatiwa ni yeye kwa kuwa ni wa binafsi, na kwa wafanyabiashara alikuwa mtu aliyechanganyikiwa, hakuna aliyetaka kuingia naye ubia kwenye ghala, kwa hiyo hakuwa wa huku wala wa kule, aliendesha pikipiki kilomita sabini kufuata dawa, mvua zikikata barabara alibeba sanduku kichwani kama mchuuzi, na mkaguzi alipokuja mwaka 1994 alitaka sinki la pili, likawekwa, wa mwaka 1998 akauliza kwa nini kuna masinki mawili kwenye chumba kidogo namna hii, moja likang'olewa, wa mwaka 2003 akalitafuta lile lililong'olewa, na marehemu akaenda uani akamwonyesha, kuku wanalinywea maji.

Na ninyi nanyi, msitazamane, mlikuwa mnakuja mkiwa mmeshapita kwa muuza vidonge wa gulioni, kwa shangazi, kwa jirani aliyebakiwa na dawa za mwaka juzi, ndipo mnafika kwa daktari mkibebwa mgongoni mnamwambia imeanza leo, naye alikuwa anajua kwamba haijaanza leo, na hakuwagombeza, kazi ya kugombeza alimwachia mkewe.

Mkewe huyo ndiye aliyeanzisha mawe, na kwa mgeni asiyejua, mawe ni hivi, mwaka ule wa kwanza watu walikuwa wanapigana viwiko barazani nani kafika mapema, kina mama wanavutana vilemba, basi akatangaza kwamba anayefika aweke jiwe lake kwenye mstari mbele ya mlango, jiwe moja mtu mmoja, kisha aende shambani au sokoni arudi zamu yake ikikaribia, isipokuwa mjamzito aliyeshikwa na uchungu na mtoto anayetetemeka, hao hawana jiwe, wanaingia, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiba jiwe la mwenzake, kila mtu alilijua lake kama anavyomjua mwanawe, na mkewe mkampa jina la Bibi Foleni, akalipokea kwa kuwa angefanya nini.

Sasa hao madaktari wa kumpokea zamu walikuja, asiseme mtu kwamba hawakuja, wa kwanza alifika Aprili 1996, akakaa siku kumi na moja, ya kumi na mbili akaonekana barabarani na begi anasimamisha lori la mbao, wa pili alifika Januari 2009, huyu mlimwita Profesa kwa ajili ya miwani, alikuwa kijana mzuri, mikono yake mepesi, alikaa miezi mitano, na katika miezi hiyo mitano marehemu alilala mchana mara mbili na kwenda kumwona mwanawe chuo cha ufundi mara moja, mpaka mke wa Profesa alipokuja kutembea, akaonyeshwa kisima, akaonyeshwa choo, akauliza, "Na kingine cha ndani kiko wapi?" na wiki ile ile wakaondoka wote wawili, na wa tatu alikuja mwaka 2015 na vyeti vizuri sana, tatizo vilikuwa vya mtu mwingine, marehemu alimuuliza maswali matatu akampa nauli ya kurudi.

Maradhi yake yalianza kuonekana mwaka 2021, miguu ikawa inavimba, mkewe akiuliza anaambiwa soksi zinabana, akipanda zile ngazi tatu za barazani anasimama kwenye ya pili anajifanya anatazama mawingu, mpaka binti yao alipokuja likizo, tarehe 19 Juni mwaka huo, akamwekea baba yake kipimo cha kusikilizia moyo kifuani, akasikiliza muda mrefu, akakiondoa.

"Baba, hii unaijua."

"Naijua."

"Tangu lini?"

"Subiri kidogo, nimalize chai."

Ilikuwa ni vali ya moyo, mlango mmojawapo umekakamaa, damu inapita kwa shida, naye alikuwa amejua kwa miaka miwili, amekaa nayo kimya mezani, kitandani na barazani, na mkewe anayelala ubavuni kwake hakuambiwa, na kwa hilo hajamsamehe bado, atamsamehe akipata nafasi, dawa yake ilikuwa ni upasuaji wa kubadilisha vali kwenye hospitali kubwa, wanakokuja madaktari bingwa wageni mara mbili kwa mwaka, na baada ya kuhangaika kwa barua na simu binti alimpatia baba yake nafasi, tarehe 14 Machi 2022, aripoti Ijumaa ya tarehe 11 kwa ajili ya vipimo, kisha apumzike wiki tatu, na binti akaomba ruhusa kazini aje ashike kliniki wiki hizo tatu, akanyimwa, kwa kuwa wodi yake ya watoto tisini ilikuwa na madaktari wawili na mmoja wao ndiye yeye.

Ikaamuliwa kwamba Sista, muuguzi ambaye amefanya kazi na marehemu tangu mwaka 1991 na yupo hapa mbele amekaa, atabaki na dharura, na gari la kukodi litakuja Alhamisi tarehe 10 alfajiri, na hapa sasa anayesoma apunguze mwendo, kwa sababu linalofuata mkewe hajawahi kulisema mahali popote.

Jumapili tarehe 6 Machi, baada ya ibada, na tena siku hiyo hiyo kwenye mashine ya kusaga ambako watu ni wengi zaidi kuliko ibadani, mkewe alisimama akatangaza kwa sauti kwamba Daktari anasafiri Alhamisi, hatakuwepo wiki tatu, anakwenda kufanyiwa upasuaji wa moyo, kwa hiyo kila mtu ajitahidi asimsumbue, hakuna aliyemtuma, marehemu mwenyewe alitaka aondoke kimya kimya, lakini mkewe aliona kwamba watu wakijua wana huruma, watamwachia siku tatu nne hizo akusanye nguvu.

Jumatatu mawe yalikuwa arobaini na moja, Jumanne sitini, Jumatano yalipita kwenye mti wa kufungia baiskeli, na Alhamisi alfajiri mkewe alipofungua mlango na begi mkononi, mstari ulikuwa umetoka barazani, umevuka uwanja, umefika barabarani, mawe themanini na nane, na wenyewe siku hiyo hawakuwa wamekwenda shambani, walikuwa wamesimama kila mtu na lake, wamevaa nguo za kutokea.

Hawakuwa wagonjwa, au wengi hawakuwa, walikuja kutibiwa mapema, mzee mmoja dereva mstaafu aliomba sindano ya akiba, itakayomfaa akiugua wiki ijayo, dada mmoja alileta watoto watano wazima kabisa wanasukumana, marehemu akamuuliza nani kati yao anaumwa, akajibu, "Hawaumwi, Daktari, ila nawajua," mwingine alitaka apewe dawa ya kila ugonjwa kidogo kidogo kwenye karatasi, na marehemu alicheka mpaka akashika meza kwa kukosa pumzi.

"Tokea uani," mkewe akamwambia, "gari liko nyuma, dereva kashawasha."

"Mama Sakafu, haya mawe yana wenyewe."

"Na huo moyo je, hauna mwenyewe?"

"Nawapitia haraka haraka. Mpaka saa tatu nimemaliza."

Mkewe akatoka nje akalipiga teke jiwe la kwanza likaenda mpaka kwenye mfereji, yule dereva mstaafu akaenda akaliokota, akalifuta vumbi, akalirudisha mahali pake, akasema kwa adabu kabisa, "Bibi Foleni, samahani, hilo langu."

Saa tatu ilipita, saa nne ikapita, dereva wa gari la kukodi akaja dirishani kuuliza wanaondoka ama alale, na kwenye saa tano, jiwe la sitini na moja, akaingia mama muuza mkaa na binti yake wa miaka mitano, akasema ni homa tu, wala asingekuja leo, angesubiri hiyo kesho kutwa, ila kwa kuwa amesikia Daktari anaondoka akaona bora amwonyeshe, marehemu akamlaza mtoto, akamwinua kichwa, shingo ikakataa kupinda, akafungua dirisha, mtoto akalia kwa kuumizwa na mwanga, ikawa ni homa ya uti wa mgongo, na kwa jinsi alivyokuwa, hiyo kesho kutwa asingeifikia.

Alimpiga sindano ya kwanza hapo hapo, akaita gari, na gari lililoitwa ni lile lililokuwa nyuma ya nyumba, limekodiwa kumpeleka yeye, likamchukua mtoto, mama yake na Sista kwenda hospitali ya wilaya, ambayo iko upande mwingine kabisa, likarudi Ijumaa alasiri, na jioni hiyo mvua ikanyesha maji yakapita juu ya daraja, marehemu na mkewe wakavuka Jumapili, wakapanda lori, wakafika hospitali kubwa Jumatatu tarehe 14 saa sita mchana, wakakuta kitanda chake kimepewa aliyefuata kwenye orodha, mama mmoja wa watoto watatu, tayari ameshaingizwa chumba cha upasuaji, na marehemu akaomba kuiona hiyo orodha, akaisoma, akasema wamefanya sawa, hata yeye angefanya hivyo hivyo, na hapo ndipo mkewe kwa mara ya kwanza katika ndoa alipotamani kumpiga kofi mbele za watu.

Wakiwa njiani kurudi, juu ya magunia, mkewe alimwambia, "Ni mdomo wangu, Daktari. Ningenyamaza wasingekuja."

Marehemu akamjibu, "Ulitangaza vizuri tu, Mama Sakafu. Shida walikusikia."

Kisha baada ya muda akaongeza kwamba angenyamaza, yule mtoto naye asingekuja, na mkewe akamwambia anyamaze yeye sasa, kwa sababu hesabu hiyo alikuwa ameshaipiga mwenyewe na haikuwa inakubali kutoka sawa, na mpaka leo haijatoka, yule mtoto yupo darasa la pili, ni mtundu kupita kiasi, wiki iliyopita amevunja dirisha la jirani, na kila anapopita mkewe humtazama, hamchukii, wala hawezi kusema kwamba roho yake imetulia.

Nafasi ya pili ilipatikana tarehe 7 Novemba 2022, safari hiyo hakuna aliyetangaza, waliondoka siku mbili kabla ya siku ya kuripoti kama watu wanaokwenda kulipia shamba, wakafika kwa wakati, vipimo vikafanyika, na madaktari bingwa wakamwita yeye na binti yake chumbani, mkewe wakamwambia asubiri nje, akakataa kusubiri nje, wakasema moyo umetanuka, misuli imechoka, mwezi Machi ungestahimili kisu, sasa hauwezi, na wote watatu wenye makoti wakawa wanaangalia meza, marehemu peke yake akawa anawafariji.

Alirudi akaendelea na kazi, akiwa amekaa, kiti chenye mto, mgonjwa ndiye anayezunguka kumfuata, mwaka mzima wa 2023, akiandika barua kila mwezi kuomba daktari wa pili, nakala zipo kwenye sanduku, kumi na mbili, na majibu yapo mawili, yote yanasema barua imepokelewa, akamwona mgonjwa wake wa mwisho Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, kidole kilichobanwa na mlango, kisha akashindwa kuinuka, akahamishiwa chumba cha nyuma, na binti yake akaja kumuuguza.

Jumapili tarehe 4 Februari, mchana, binti akiwa amekwenda kuchota maji, marehemu alimwita mkewe asogee.

"Mwanetu asikae pale peke yake."

"Nani kakwambia atakaa?"

"Watamwomba."

"Wakimwomba?"

"Atakubali. Mjinga kama mimi."

"Basi nitajibu mimi," mkewe akasema, na marehemu akafumba macho, akaonekana ameridhika, au pengine alikuwa amechoka tu, mtu aliyechoka namna ile huwezi kujua.

Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa kwa mkewe na mapigo yakihesabiwa na binti yake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, na Sista alipotoka barazani kuwaambia waliokuwepo, mtu mmoja, hatatajwa, akauliza, "Kwa hiyo leo hapokei watu?" na mkewe alisikia kutoka ndani, na hakukasirika, alielewa kwamba yule mtu hakuwa na swali jingine la kuuliza.

Juzi Alhamisi, mwili ukiwa bado haujazikwa, walifika nyumbani wazee watatu, wakatoa pole, wakanywa chai, kisha mwenyekiti akakohoa.

"Mama, tulikuwa tunauliza, binti anaanza lini?"

"Anaanza lini nini?"

"Kazi."

"Baba yake hajazikwa."

"Ndiyo tumeona tuulize mapema."

Binti alikuwa kwenye beseni anaosha vikombe, akafuta mikono, akasimama, akasema, "Nitakuja," hivyo tu, kwa sauti ile ile ya baba yake, na mumewe, ambaye ndiye huyu anayewasomea, alikuwepo, na familia inaona jinsi anavyopata taabu kuisoma sehemu hii, lakini aendelee, na mjane akawajibu wazee kwamba jibu watalisikia leo, mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kusema aliambiwa vingine.

Jibu ni hili, kuanzia leo kliniki imefungwa, ufunguo anao mjane, dawa zilizobaki Sista amezikabidhi hospitali ya wilaya kwa maandishi, na madaftari yenu ya matibabu yatatolewa barazani Jumatano ijayo kuanzia saa mbili, kila mtu achukue lake, binti amekubali kuja na familia haimzuii, lakini hataingia chumba kile peke yake hata siku moja, siku mtakapokwenda ofisi ya wilaya, si wazee watatu na chai, mwende wote kama mlivyojaa hapa, msimame mpaka mpewe daktari wa pili, mtu mwenye mwili na siyo jina kwenye faili, na mkamjengea nyumba yenye choo cha ndani na maji, ndipo mlango utafunguliwa, wawili wakiwemo, na kabla ya hapo mtu asije kumlilia mjane kwamba mtoto anaumwa, kwa sababu atakuja kweli mwenye mtoto anayeumwa, mjane anajua atakuja, pengine wiki hii hii, na atamwambia barabara ya kwenda wilayani iko upande ule, na atakuwa anaumia anaposema, lakini atasema, maana ameshamtoa mmoja na hana wa pili wa kutoa.

Familia inawashukuru madaktari bingwa waliomwambia ukweli bila kuzungusha, Sista ambaye kwa miaka thelathini na mitatu hajawahi kuchelewa isipokuwa siku alipojifungua, dereva wa gari la kukodi aliyekataa malipo ya siku ile ya mtoto, dereva mstaafu aliyechimba kaburi na wanawe bila kuombwa, majirani mliolala hapa siku nne, mama muuza mkaa aliyeleta magunia mawili akayaacha mlangoni akaondoka kabla hajaonekana, naye ajue kwamba alionekana, na ofisi ya wilaya iliyotuma shada la maua lenye utepe, jina la marehemu likiwa limeandikwa sawasawa.

Daktari, zamu yako imekwisha, lala hapo ulipolazwa, na safari hii usiinuke kwa ajili ya mtu yeyote.